Mume wa Binti, Hisa ya Nyumba

Leo katika mazungumzo yetu ya vitabu nimekuja na familia mbili za Kihindi. Zote mbili zimo ndani ya riwaya, zote mbili zina kelele, na zote mbili zina mabinti wanaotafutiwa waume. Ya kwanza imo katika A Suitable Boy ya Vikram Seth, iliyotoka mwaka 1993, kitabu cha kurasa 1,349 ambacho ukikisomea kitandani mikono huchoka kabla ya macho. Ya pili imo katika Those Pricey Thakur Girls ya Anuja Chauhan, ya mwaka 2013, ambayo ukiianza Jumamosi asubuhi, Jumapili jioni umeshaimaliza na unatafuta mtu wa kumsimulia.

Wahakiki huviweka vitabu hivi mbali mbali. Cha Seth hukiita fasihi, cha Chauhan hukiita burudani. Mimi leo naviweka meza moja, na sababu nakwambia mapema usije ukasema nimekuzungusha. Ndani ya riwaya hizi mna maswali mawili. Binti ataolewa na nani? Na binti ana chake gani katika nyumba aliyozaliwa? Swali la kwanza huulizwa kwa sauti, mezani, mbele ya wageni, na ndilo linalotuchekesha. La pili hupitwa kimya, na anayethubutu kulitaja huonekana mroho. Ninachodai ni kwamba maswali hayo ni pande mbili za jambo moja, na kwamba kicheko ndicho kinachotufikisha kwenye ule upande usiotajwa.

Wengi wetu familia ya Kihindi tumeijulia kwenye filamu. Zamani ilikuwa ukumbini, siku hizi ni kwenye vibanda umiza, sauti ya mtafsiri ikiwa juu ya sauti ya mwigizaji. Mambo yatakavyokwenda tunayajua: kijana hana kitu, baba wa msichana ni tajiri, kuna adui, kuna mvua, kuna wimbo, kuna ngumi, kisha harusi. Katika riwaya hizi za leo adui wa namna ile hayumo katika mapenzi. Anayewazibia njia wapenzi ni mama mwenye machozi ya karibu, anayempenda binti yake kuliko roho yake mwenyewe, na msomaji naye anaishia kumpenda huyo mama. Mama wa aina hiyo huwezi kumpiga ngumi. Utafanya nini naye? Hapo ndipo vichekesho vinapoanzia.

Anaitwa Bi Rupa Mehra. Mwaka ni 1951, miaka minne tangu India ipate uhuru na kugawanywa. Mji ni Brahmpur, kando ya mto Ganges, mji ambao Seth ameubuni mwenyewe na kuupa mitaa, chuo kikuu, soko na ngome. Binti mkubwa, Savita, anaolewa na Pran Kapoor, mhadhiri mpole ambaye pumu haimpi nafasi. Wageni bado wamo bustanini, na mama ameshamgeukia binti mdogo, Lata, mwanafunzi wa miaka 19, akimwarifu kwamba na yeye ataolewa na kijana atakayechaguliwa na mama yake. Lata anaguna tu. Hadithi yote iliyobaki inatokana na mguno huo.

Tangu siku hiyo Bi Rupa amejipa kazi ya ushenga. Anapanda treni, anakwenda Calcutta, Delhi, Kanpur, Lucknow, na kila anapofika anawauliza jamaa na marafiki: hamjui kijana? Awe wa tabaka letu, awe na kazi, awe na adabu. Mkononi ana mkoba mkubwa mweusi, na ndani ya mkoba huo pamoja na barua zake mna kitu kimoja ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Bi Rupa hatupi kadi za salamu anazotumiwa. Anazihifadhi. Ikifika siku ya kuzaliwa ya mtu anayempenda, anachukua mkasi, anakata ua kutoka kadi hii na ndege kutoka kadi ile, anabandika kwa gundi, anaongeza shairi, kisha anatuma. Mpokeaji anapata kadi mpya iliyotengenezwa kwa upendo wa watu wengine. Ukiicheka kadi hiyo una haki. Lakini angalia pia hesabu iliyomo: huyu ni mjane. Mumewe, Raghubir Mehra, alikuwa na cheo katika reli, akafa mapema akamwachia watoto wanne. Mwanamke ambaye hakuachiwa mali nyingi amejifunza kutotupa hata karatasi.

Na familia yenyewe, msikilizaji, kila mmoja ana lake. Baba yake Bi Rupa, Dakta Kishen Chand Seth, ni mzee wa hasira na bakora, amezeeka lakini nyumba nzima bado inamwogopa. Mzee huyu huyu akienda sinema kutazama Deedar, filamu ya kweli iliyotoka mwaka huo wa 1951, analia kwa sauti ukumbi mzima unamsikia. Mwana mkubwa, Arun, ana kazi nzuri katika kampuni ya Waingereza huko Calcutta na anaizungumzia London kama mtu aliyezaliwa huko, kumbe hajawahi kuikanyaga. Mdogo wake, Varun, anajificha kwenye pombe za bei rahisi na mbio za farasi.

Kisha kuna wakwe. Arun amemwoa Meenakshi, binti wa Jaji Chatterji. Kwa Chatterji watoto huzungumza kwa vina. Mtu akikosea neno, akipendana na mtu, akimwaga chai, papo hapo anatungiwa mishororo miwili yenye mwisho unaofanana, na hakuna anayesalimika, hata wazazi. Wana mbwa anaitwa Cuddles, jina la mnyama wa kupakatwa, na kazi ya Cuddles ni kuuma wageni. Seth anaandika haya kwa raha kwa sababu ni mshairi. Kabla ya kitabu hiki alikwisha kuandika riwaya nzima kwa mashairi, The Golden Gate, mwaka 1986. Hata orodha ya sura mwanzoni mwa A Suitable Boy ameitunga kwa mishororo miwili miwili yenye vina.

Sasa nataka tusimame kwenye tukio moja dogo, kwa sababu ndilo linalofungua mlango wa hoja yangu. Marehemu Raghubir alikuwa na medali za dhahabu alizozipata kwa masomo yake. Kwa Bi Rupa, medali hizo ni mume wake mwenyewe. Moja imefika mikononi mwa Meenakshi, mkaza mwana wake. Meenakshi anaitazama na kuona dhahabu. Anaipeleka kwa sonara, inayeyushwa, inakuwa vipuli. Kisha anavivaa vipuli vyake, na vinampendeza. Siku Bi Rupa anapojua, unasikia kitu kikikatika ndani yake, na hadithi iliyokuwa ikikuchekesha inakukaba kooni.

Kwa nini medali ile inauma namna hiyo? Meenakshi ana ukatili wake, hilo kweli. Lakini rudi kwenye sheria ya wakati ule. Mwaka 1951, katika sehemu kubwa ya India, binti wa Kihindu hakuwa mshirika katika mali ya ukoo. Mwana wa kiume alizaliwa na haki yake tayari, binti alizaliwa akihesabiwa kuwa ni mpita njia. Alichoondoka nacho siku ya harusi ni vito, nguo na vyombo. Hapa kwetu tumezoea mahari itoke upande wa mume. Kule mali ilitoka nyumbani kwa binti ikaondoka naye, na mara nyingi ikaishia kwa wakwe. Kwa hiyo dhahabu katika nyumba kama ile ilikuwa akiba ya mwanamke, ukumbusho wake na hati yake, vyote katika kitu kimoja kinachoingia kiganjani. Ukiiyeyusha, umeyeyusha karibu kila kitu alichoweza kukiita chake.

Na hapa Seth amefanya jambo la werevu. Wakati wanawake sebuleni wanajadili mume wa Lata, wanaume katika Bunge la jimbo wanajadili ardhi. Baba yake Pran, Mahesh Kapoor, ni Waziri wa Mapato, na muswada wake unataka kuwanyang'anya mamwinyi mashamba makubwa waliyoyarithi. Kurasa nyingi zinakwenda huko, na wasomaji wengine huziruka wakimkimbilia Lata. Wasiziruke. Ni swali lile lile, lililovaa nguo za kiume: nani anarithi, na kwa haki gani?

Katika India ya kweli mwaka huo huo, swali la mabinti nalo lilikuwa Bungeni. Waziri wa Sheria, B. R. Ambedkar, ndiye aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya Katiba, na alikuwa akisukuma muswada mkubwa wa kurekebisha sheria za Wahindu juu ya ndoa, talaka na mirathi. Muswada ukapigwa vita, ukacheleweshwa, na Septemba 1951 Ambedkar akajiuzulu, kukwama kwa muswada huo kukiwa sababu yake kubwa mojawapo. Baadaye serikali ya Waziri Mkuu Nehru ikaupitisha vipande vipande: sheria ya ndoa mwaka 1955, sheria ya mirathi mwaka 1956. Sheria hiyo ya mwaka 1956 ilimfungulia binti mlango kwa upande mmoja. Baba akifa bila wasia, mali aliyoichuma mwenyewe binti alipata sawa na mwana. Ila mali ya ukoo ilibaki ya wanaume kwa kuzaliwa. Na kulikuwa na kifungu cha 23: kaka wakiwa wanakaa katika nyumba ya urithi, dada hakuweza kudai igawanywe mpaka wao waamue kugawana.

Haya, turudi kwa Lata, maana najua unataka kujua ameolewa na nani. Ambaye hajakisoma kitabu na anachukia kuambiwa mwisho, azibe masikio kwa dakika chache.

Wachumba ni watatu. Wa kwanza ni Kabir. Wanakutana duka la vitabu. Ni mcheza kriketi, ni mzuri wa sura, anajua kuongea. Wanaelewana, wanakutana tena, wanapanda mashua alfajiri kwenye mto Ganges. Ni siku chache za raha, lakini jina lake la ukoo ni Durrani. Mwislamu. Wahenga wetu walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na kikohozi hiki kinamfikia mama upesi. Bi Rupa analia, anafungasha, anampakia binti kwenye treni kwenda Calcutta. Kumbuka ni miaka minne tu tangu mgawanyiko wa 1947 uliowatenga Wahindu na Waislamu, treni zikiwa bado zina harufu ya damu katika kumbukumbu za watu. Mama huyu si mtu mbaya. Ameogopa, na hofu yake ina historia.

Wa pili ni Amit, kaka yake Meenakshi, mshairi aliyesomea Uingereza, mvivu, mcheshi, anayeandika riwaya ndefu isiyokwisha. Msomaji anajua hapo Seth anajicheka mwenyewe.

Wa tatu ni Haresh Khanna, fundi na meneja wa viatu. Anatafuna paan, yaani tambuu, anavaa viatu vya rangi mbili na anavionea fahari. Kiingereza chake kina kasoro ambazo Arun anazihesabu. Anamwalika Lata na mama yake Kanpur, na badala ya kuwapeleka bustanini anawaonyesha kiwanda cha kutengeneza ngozi. Kwake yeye ngozi kutoka kwenye shimo la dawa ni jambo la ajabu na la kupendeza. Lata tumbo linamchafuka. Huyo ndiye kijana anayefaa? Msomaji anacheka, kisha taratibu anaanza kumwonea huruma, kisha heshima. Haresh naye alimpenda msichana wa Kisikh, familia ya msichana ikakataa, na picha yake bado anayo. Hajifichi na hasingizii.

Lata anamchagua Haresh. Wasomaji wengi wamelalamika juu ya mwisho huu tangu mwaka 1993. Malati, rafiki yake Lata ndani ya kitabu, ndiye mlalamikaji wa kwanza. Lata anajitetea kwamba mapenzi yale ya moto yanamwondoa akili, hajitambui, na hayataki. Wengine wakasema Seth amemtii mama, kijana wa kuchaguliwa ameshinda.

Mimi nina jibu langu. Angalia nyumba. Akiolewa na Kabir, atapoteza nyumba ya mama yake, na kwa Kabir ataingia kama Mhindu wa kuvumiliwa. Akiolewa na Amit, anaingia jumba kubwa la Chatterji ambamo kila kiti kina mwenyewe, na Meenakshi atakuwa wifi yake mara mbili. Haresh hana jumba. Aliondoka kwao akiwa kijana mdogo, akajisomesha, akapanda ngazi kwa mikono yake, na nyumba yake ni ya kampuni, katika mji wa kiwanda. Kati ya wachumba wote watatu, ni kwa Haresh peke yake Lata haendi kuwa mgeni wa ukoo wa mtu. Wataanza wote wawili bila kitu. Msichana asiye na hisa nyumbani kwao amechagua mahali ambapo hisa bado hazijagawanywa. Kama huo ni utiifu, ni utiifu wenye hesabu kali.

Wanaodhani nimechota hoja hii hewani wasikilize habari ya mama yake Vikram Seth. Leila Seth alizaliwa Lucknow mwaka 1930. Baba yake alikuwa mtu wa reli na alifariki Leila akiwa bado mtoto. Mwaka 1951 akaolewa na Prem, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya viatu ya Bata, ile ile ambayo Limuru, Kenya, ina kiwanda chake na ambayo ndara zake zimevaliwa Afrika Mashariki nzima. Ndani ya riwaya kampuni inaitwa Praha na mabosi wake ni Wacheki. Unaona mwanzo wa Lata na Haresh ulikotoka. Lakini maisha ya Leila hayakuishia harusini kama riwaya. Kampuni ikampeleka mumewe London, Leila akasomea sheria akiwa mama wa watoto wadogo, na mwaka 1958 akawa mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya kwanza katika mtihani wa mawakili huko. Mwaka 1978 akawa jaji mwanamke wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Delhi, na mwaka 1991 akawa mwanamke wa kwanza India kuwa Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu ya jimbo, Himachal Pradesh.

Kisha likaja hili. Kuanzia 1997 hadi 2000 alikuwa mjumbe wa Tume ya 15 ya Sheria ya India, na tume hiyo ikapendekeza binti awe mshirika katika mali ya ukoo kwa kuzaliwa, kama kaka yake. Septemba 2005 ikawa sheria, na kile kifungu cha 23 kikafutwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba haki hiyo haitegemei kama baba alikuwa hai siku sheria ilipobadilika. Leila hakuishi kuiona hukumu hiyo, alifariki mwaka 2017. Binti wa mjane aliyefuata njia ya Lata ndiye aliyesaidia kumpa kila Lata wa baadaye hisa yake. Mwanawe aliandika vichekesho vya ndoa, mama akaandika upande wa pili.

Sasa twende Delhi ya miaka ya 1980, barabara ya Hailey, kwenye familia ya pili. Barabara hii ipo kweli, katikati ya New Delhi, na ina jina la Malcolm Hailey, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Delhi. Katika riwaya ya Chauhan, bangala kubwa hapo ni la jaji mstaafu, Laxmi Narayan Thakur, na mkewe Mamta. Wana mabinti watano waliopewa majina kwa mpangilio wa alfabeti: A ni Anjini, B ni Binodini, C ni Chandu, D ni Debjani, E ni Eshwari. Hapo tu unaona akili ya jaji: hata watoto amewapanga kama majalada.

Majalada yakakataa kupangika. Anjini ameolewa lakini hawezi kumwona mwanamume bila kumrembulia macho. Chandu alitoroka na mgeni wa nchi ya nje usiku wa kuamkia harusi yake na mtu mwingine. Eshwari bado yuko shule na wavulana wanamzidi idadi. Upande wa pili anakaa mke wa baba mdogo, mwenye hakika kwamba mumewe ana jambo na mpishi. Jaji mwenyewe anataka kitu kimoja tu, watu watatu wa kucheza naye karata. Mchezo ni kot-piece, wanne wanne, wawili kwa wawili. Unagawiwa karata tano kwanza, na kwa hizo tano tu mwenye zamu lazima atangaze turufu kabla ya kuziona nane zilizobaki. Mtu aliyewaoza mabinti wawili, wa tatu akamkimbia, anaujua vizuri uchungu wa kutangaza turufu mapema.

Kipenzi cha jaji ni Debjani, mwenye huruma na kila mbwa wa mtaani. Debjani amepata kazi ya kusoma habari kwa Kiingereza kwenye televisheni ya serikali. Hii ni India ambayo televisheni ni hiyo moja. Chaneli za setilaiti hazijafika bado. Msomaji wa habari anajulikana nchi nzima, sari yake inajadiliwa masokoni. Anatokea Dylan Singh Shekhawat, mwandishi wa gazeti, baba yake mwanajeshi wa Kirajput, mama yake Mkatoliki wa Mangalore. Dylan anamwona msichana mzuri anayesomea taifa maneno ya serikali, na anamwambia hivyo bila kumung'unya. Wanagombana, wanatafutana, wanagombana tena. Zaidi ya hapo sisemi, nitakuharibia utamu.

Ila nitasema Dylan anatafuta nini, maana wengi hawategemei kukikuta katika kitabu cha kuchekesha. Tarehe 31 Oktoba 1984 Waziri Mkuu Indira Gandhi aliuawa na walinzi wake wawili Masingasinga. Siku zilizofuata makundi ya watu yaliwashambulia Masingasinga wa Delhi nyumba kwa nyumba. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, waliouawa katika mji huo ni 2,733. Haki ilijikokota: Waziri Mkuu Manmohan Singh aliomba radhi Bungeni mwaka 2005, na mwaka 2018 ndipo Mahakama Kuu ya Delhi ilipomhukumu mwanasiasa Sajjan Kumar kifungo cha maisha. Mauaji hayo ndiyo Dylan anayafuatilia. Hivyo swali kati ya wapenzi hawa linakuwa kubwa kuliko sura na ukoo. Unaweza kumpenda mtu ambaye kazi yake ni kusoma kilichokubaliwa kusomwa? Taifa lina mambo yasiyotajwa mbele ya wageni, na nyumba ya Thakur nayo inayo. Moja la nyumbani ni Chandu. Lingine ni hisa.

Anayeitaja hisa ni Binodini, Binni. Kila akija kwa wazazi wake anadai: hisa yangu, hisa ya watoto wangu, katika bangala hili. Chauhan anamchora kwa namna ambayo huwezi kuacha kumcheka. Ana kero, ana haraka, baba yake bado mzima na yeye anagawa vyumba. Lakini hebu mtazame tena. Katika nyumba yote ile, ambamo kila mtu anazungumza mapenzi, sari na waume, ni yeye pekee anayezungumza jambo lenye thamani ya mamilioni, maana mabangala ya eneo lile yalikwisha kuanza kubomolewa yakisimamishwa maghorofa. Kuna tofauti gani kati yake na mwinyi anayetetea shamba lake Bungeni? Mwinyi anaitwa mheshimiwa. Binni anaitwa mroho.

Chauhan mwenyewe anajua. Ushahidi ni kitabu kilichofuata, The House That BJ Built, cha mwaka 2015. Jaji amefariki, bangala linapaswa kuuzwa, hisa zinatakiwa kugawanywa, na ukoo umeingia vitani. Shujaa wake ni nani? Ni Bonu, binti wa Binni. Mama aliyekuwa kichekesho katika kitabu cha kwanza ameshakufa, na binti yake sasa ndiye anayebeba hadithi nzima, mapenzi yake na madai ya mama yake kwa pamoja. Mwandishi amemrudishia Binni haki yake kupitia mtoto.

Kwa mtindo, Chauhan ana sikio la mtaani. Alifanya kazi ya matangazo kwa miaka mingi, akiiandikia Pepsi kauli zilizosemwa na watoto nchi nzima, na unaisikia shule hiyo katika mazungumzo ya wahusika wake: Kiingereza na Kihindi vimechanganywa kama watu wa Delhi wanavyosema. Kasoro ninayoiona inavihusu vitabu vyote viwili. Wapishi, yaya na madereva wamejaa, wanaleta chai na kusababisha kicheko, lakini hatuingii vyumbani mwao. Hadithi ya hisa inaishia pale walipo wenye nyumba. Asiye na nyumba ya kugawana hana sura.

Kama huna muda, anza na Chauhan. Ukiwa na likizo ndefu, chukua Seth, na usiruke kurasa za Bungeni. Kama huna subira ya kurasa zote hizo, kuna tamthilia ya BBC ya mwaka 2020 iliyoongozwa na Mira Nair, yule yule aliyetengeneza Queen of Katwe mjini Kampala, ingawa saa sita za televisheni hazitoshi kwa kadi zote za Bi Rupa.

Na atakayekwambia vitabu hivi ni vya mapenzi na vichekesho tu, mkubalie, kisha mwulize nyumba ile ilikuwa ya nani. Mimi nimemaliza.